Kompyuta Kuukuu na Hodi Isiyoitikiwa

Sisi watu wa pwani tuna desturi ambayo mgeni huchukua muda kuizoea. Mtu akifika mlangoni kwa mwenzake hupiga hodi. Akiitikiwa karibu, huingia. Asipoitikiwa hupiga ya pili, kisha ya tatu, na kama bado kimya basi hugeuza njia akaenda zake, hata kama mlango uko wazi na harufu ya pilau inamfikia puani. Mlango kuwa wazi si ruhusa. Nimeanza na hodi kwa sababu kisa ninachotaka kukusimulia leo, msomaji, ni cha mtambo uliofundishwa kudai hodi, lakini haukufundishwa la kufanya endapo mtu hatapiga.

Mwaka 1999 nilikuwa karani wa leja katika chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Mombasa. Jina lake nitaliacha, maana wengi wa wakubwa wake wa siku hizo wangali hai na tunasalimiana vyema. Wanachama walikuwa walimu, makuli wa bandarini, na akina mama wauza samaki waliokuja kuweka akiba yao wakiwa na noti zinazonuka samaki. Hesabu zote ziliandikwa kwa mkono katika vitabu vikubwa vyenye majalada meusi. Ikifika saa kumi na moja jioni vitabu huingizwa ndani ya sefu, mhasibu hufunga, na ufunguo hutiwa mfukoni mwa suruali yake. Kila mtu alijua siri iko wapi: iko katika mfuko wa kulia wa mhasibu.

Ndipo kamati ikanunua kompyuta mbili. Hazikuwa mpya, zilikuwa za mtumba zilizokwisha kutumika Ulaya, rangi yao imegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbako, na ndani yake mlikuwa na Windows 98. Siku zilipowashwa mara ya kwanza tulikusanyika wote, hata mlinzi aliacha lango. Kwenye kioo kikatokea kisanduku kidogo kikiuliza jina la mtumiaji na neno la siri. Mwenyekiti akatutazama kwa fahari kama baba aliyemsomesha mtoto hadi chuo kikuu.

Kompyuta ya leja alipewa mama mmoja aliyekuwa mpiga taipu wetu tangu chama kilipoanza. Sisi sote tulimwita Mama, na nitamwita hivyo hapa pia. Alikuwa amepita miaka hamsini, na vidole vyake juu ya taipu vilikuwa vikilia kama mvua ya kusi juu ya mabati. Mwenyekiti akamwita kando, lakini kwa sauti ambayo sote tuliisikia.

"Mama, neno hili utalichagua mwenyewe, na litakuwa lako peke yako. Hata mimi usiniambie."

"Sitamwambia mtu, Mwenyekiti. Hii ni amana."

Na kwa hakika alilichukua kuwa amana. Kila asubuhi kabla ya kuandika neno lake alikuwa akivuta upande wa buibui lake akafunika vidole. Tulikuwa tukicheka. Sasa sicheki tena.

Alasiri moja ya mvua mnamo mwezi wa Aprili mwaka 2000 Mama alikuwa ametoka kuswali, nami niko mezani pangu napanga stakabadhi. Mjukuu wa mlinzi, kijana wa darasa la saba hivi, alikuwa ameingia kujikinga na mvua. Nilipoinua macho nikamwona ameketi kwenye kiti cha Mama anacheza karata ndani ya kompyuta.

"We! Umeingiaje humo?"

"Nimebonyeza hiki tu, ami," akanionyesha kidude kilichoko pembeni kabisa mwa kibodi, juu kushoto, kilichoandikwa Esc.

Nikamwambia atoke upesi kabla Mama hajarudi. Alipoondoka nikajaribu mwenyewe. Nikauzima mtambo, nikauwasha, kile kisanduku cha kudai neno kikatokea, nami nikabonyeza kidude kile kile. Kisanduku kikatoweka. Nyuma yake kila kitu kilikuwa wazi: leja, mikopo, akiba, barua za kamati. Sikuandika jina wala neno. Nikaona ni jambo la kuchekesha, nikauzima, nikarudi kwenye stakabadhi zangu. Sikumwambia mtu yeyote. Hilo ndilo kosa langu katika kisa hiki, na naliweka mapema ili usinidhanie kuwa shujaa hapo mbele.

Mwezi wa Agosti mwalimu mmoja alikuja kulipa sehemu ya mkopo wake. Stakabadhi zake na za chama zilionyesha kwamba alibakiwa na deni la shilingi 38,000. Kompyuta ilionyesha 8,000. Tarakimu moja tu ilikuwa imeanguka. Mwalimu yule alikuwa mtu mwaminifu, akasema mwenyewe kwamba hesabu si sawa. Tulipochimba tukakuta akaunti nyingine mbili zimepungukiwa deni vivyo hivyo, na jumla ilikaribia shilingi elfu tisini. Kwa chama cha wauza samaki hizo si pesa za kuchezea.

Kamati ikakaa. Hoja yao ilikuwa nyepesi na ilionekana haina ufa. Leja iko ndani ya kompyuta. Kompyuta hufunguliwa kwa neno la siri. Neno la siri analijua mtu mmoja. Basi aliyebadili ni huyo mmoja. Mama akaulizwa kama amewahi kumwambia mtu neno lake. Angesema ndiyo, pengine wangemwonea huruma na kumkaripia tu kwa uzembe. Lakini yeye akajibu kweli kwamba hajamwambia binadamu yeyote, na jibu lake likawa ndilo kamba ya kumfungia. Akasimamishwa kazi bila mshahara. Alikuwa na binti kidato cha tatu na mume aliyelala kitandani kwa kiharusi.

Nilikaa siku kumi na moja nikiwa nimefunga mdomo. Nilijiambia kwamba labda kweli ni yeye. Nilijiambia kwamba nikisema nimewahi kuingia bila neno, nitakuwa mimi wa kushukiwa. Usiku wa kumi na moja sikulala. Asubuhi nikamwendea Mwenyekiti nikamwomba aite kamati, na walipokuja nikamwomba yeye mwenyewe, si mimi, aiwashe kompyuta ya Mama.

"Sasa, Mwenyekiti, bonyeza hicho kilicho pembeni."

"Bila ya neno?"

"Bila ya neno."

Akabonyeza. Leja ikafunguka mbele ya watu saba. Hakuna aliyenena kwa muda. Kisha mjumbe mmoja mzee, aliyekuwa seremala wa majahazi, akasema, "Kumbe tulinunua mlango uliochorwa ukutani."

Tuliteremsha masanduku ya stakabadhi na kuhesabu upya kila akaunti kwa mkono. Kazi hiyo ilituchukua wiki sita. Deni zote zikarudishwa zilivyokuwa. Nani aliyebadili hatukujua mpaka leo, kwani jedwali lile halikuwa na kumbukumbu ya nani ameandika nini, na mtu yeyote aliyebaki afisini wakati wa chakula cha mchana angaliweza. Mama akarudishwa kazini, akalipwa siku zake alizokosa. Barua ya kumwomba radhi haikuandikwa. Aliketi tena kwenye kiti chake, lakini kompyuta ile hakuigusa; alirudia taipu yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Baada ya hapo nikashikwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Iweje watu wenye akili za kutengeneza mtambo kama ule wasahau kuweka komeo? Nikawa nawafuata mafundi, nasoma nilichokipata, na hata baada ya kustaafu bado naendelea. Niliyoyapata mengine ni ya kushangaza.

Kwanza, hawakusahau. Kisanduku kile cha Windows 95 na Windows 98 hakikuwekwa kumzuia mtu asiingie. Kiliwekwa kumtambua, ili mtambo ujue utandike picha gani mezani pake na umfungulie njia ya kwenda kwenye kompyuta nyingine za afisi zilizounganishwa kwa waya. Asiyejitambulisha hakupata njia ya mtandao, lakini vilivyomo ndani ya mtambo wenyewe vilikuwa halali yake. Kompyuta hizo zilitokana na mitambo ya nyumbani, ya mtu mmoja na meza yake. Sisi ndio tuliotazama kisanduku tukadhani ni kitasa. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na aina nyingine, Windows NT, iliyotoka mwaka 1993 kwa ajili ya maafisi, na hiyo haikukubali mtu apite bila ya neno. Ilimtaka kwanza abonyeze vidude vitatu kwa pamoja, Ctrl, Alt na Del. Wengi walidhani hilo ni usumbufu tu. Kumbe maana yake ni kwamba mbonyezo ule hauwezi kunaswa na programu ya kawaida, kwa hivyo mwizi hawezi kukutandikia kisanduku cha uongo ukaandika neno lako ndani yake. Lakini NT ilikuwa ghali na ilitaka mtambo wenye nguvu. Vyama kama chetu vilinunua kilichopatikana.

Pili, neno la siri lilivuja karibu tangu lilipozaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza utaratibu wa watu wengi kutumia kompyuta moja kubwa kwa zamu, ukaitwa CTSS. Kwa kuwa watu ni wengi na mtambo ni mmoja, kila mmoja akapewa neno lake ili faili zake zisichanganyike na za mwenzake. Mwaka 1962 mwanafunzi wa hapo hapo, Allan Scherr, alitaka saa nyingi zaidi kuliko alizogawiwa. Akapenyeza ombi la kuchapishiwa faili la maneno yote ya siri, naye mtambo kwa utiifu wake ukamchapishia. Miaka michache baadaye mafaili mawili yakabadilishana nafasi kwa bahati mbaya, na badala ya salamu za kila siku, kila aliyeingia alikuta mbele yake orodha ya maneno ya siri ya wenzake wote. Nilipoyasoma haya nilimkumbuka Mwenyekiti na fahari yake.

Dawa iliyopatikana ni nzuri, na kwa Kiswahili inaeleweka kwa urahisi kuliko kwa lugha waliyoibuni. Mtambo usihifadhi neno lenyewe. Uhifadhi neno lililosagwa. Ukitia mahindi kinuni ukayatwanga, unga wake hauwezi kurudi kuwa punje. Lakini mtu akikuletea mahindi ya aina ile ile ukayatwanga vile vile, utalinganisha unga kwa unga. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa maabara ya Bell walieleza jinsi walivyofanya hivyo katika mitambo ya Unix, wakaongeza kitu walichokiita chumvi, yaani herufi za kubahatisha zinazochanganywa na neno kabla ya kusagwa, ili watu wawili wenye neno moja wasitoe unga mmoja. Sisi tukisema mtu ametia chumvi tuna maana ameongeza maneno yasiyokuwepo. Kumbe na wao maana yao ni hiyo hiyo, ila kwao ni sifa!

Mabwana hao wawili waliyachunguza pia maneno ambayo watu walijichagulia wenyewe. Katika maneno 3,289 waliyoyapata, asilimia 86 yalikuwa dhaifu: mafupi mno, au ya herufi tupu, au yamo katika kamusi na orodha za majina. Watu kumi na watano walikuwa wamechagua herufi moja tu. Herufi moja! Ni sawa na kufunga duka kwa uzi wa ukindu.

Usidhani sisi tulikuwa bora. Mwaka 2004 chama chetu kiliuza zile kompyuta za manjano kikanunua nyingine, za mtumba vilevile, zenye Windows XP. Safari hii nilipewa mimi kazi ya kuzisimamia, kwa kuwa kisa cha Mama kilinipa sifa ya ujuzi nisiokuwa nao. Kidude cha pembeni hakikufanya kazi tena. Nilifurahi kwa muda wa wiki mbili. Ndipo fundi mmoja kijana, mtu wa maneno machache, akaja kutengeneza printa na kuniuliza kama nimetia neno la siri kwa yule mkubwa.

"Mkubwa yupi, mwanangu?"

"Administrata, mzee. Yupo ndani, haonekani."

Akauzima mtambo, akauwasha huku akibonyeza F8, akachagua njia ile ya matengenezo, na huko ndani akatokea mtumiaji ambaye sikuwahi kumwona, mwenye mamlaka juu ya kila kitu, na neno lake la siri lilikuwa tupu. Katika toleo la XP la nyumbani ndivyo alivyokuja kutoka kiwandani. Nilikuwa nimefunga mlango wa mbele kwa makufuli mawili na mlango wa uani haukuwa hata na bawaba.

Fundi yule nilimlazimisha anywe chai, nikamwuliza maswali mpaka jua likazama. Mengi aliyonieleza jioni hiyo yangali na faida kwa mtu yeyote mwenye mtambo mkuukuu, nami nayatoa kama nilivyoyapokea, pamoja na yale niliyoyajua baadaye.

Alianza na huyo mkubwa asiyeonekana: apewe neno la siri refu, liandikwe kwenye karatasi, karatasi itiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na bahasha ikae ndani ya sefu. Mimi nilishangaa kwamba kijana wa kompyuta anaamini karatasi. Akaniambia kwamba karatasi iliyofungiwa ndani ya sefu haiwezi kuibwa na mtu aliyeko nje ya afisi. Ubaya ni ile iliyobandikwa chini ya kibodi. Kisha kila mtumishi awe na jina lake la kuingilia, lenye mamlaka madogo, na hata mimi msimamizi niwe na jina dogo la kazi za kila siku, lile kubwa nilitumie pale tu panapohitajika kubadili mtambo wenyewe. Watu wawili wakitumia jina moja, alisema, likitokea jambo hutajua nani. Hapo sikuweza kumjibu.

Kuhusu urefu wa neno alinipa siri ambayo wengi hawakuijua. Windows XP, kwa ajili ya kusikilizana na mitambo ya zamani zaidi, ilikuwa ikihifadhi neno la siri kwa namna mbili, na namna moja ilikuwa mbovu kabisa: ilizigeuza herufi ndogo zote kuwa kubwa, ikalikata neno vipande viwili vya herufi saba saba, ikasaga kila kipande mbali, tena bila ya chumvi. Mwizi hakuhitaji kuvunja neno la herufi kumi na nne. Alivunja maneno mawili madogo. Namna hiyo ilikoma kuwa ya kawaida ilipotoka Windows Vista mwaka 2007. Lakini hata kwenye XP, neno likizidi herufi kumi na nne lilishindwa kuhifadhiwa kwa njia hiyo mbovu. Basi herufi kumi na tano zikawa ni ngao kwa bei ya bure.

Nikamwambia, kama ni urefu tunaotaka, sisi Waswahili tuna methali. Nani atashindwa kukumbuka methali? Fundi akacheka mara ya kwanza na ya mwisho. "Mzee, nikikuambia haraka haraka, utasema nini?" Nikamalizia kabla sijafikiri. Methali ni neno la siri ambalo taifa zima linalijua. Ukitupa nusu, hata mtoto atakurudishia nusu. Heri maneno manne yasiyo na udugu, kama mtu anayetaja anavyoviona akitembea sokoni, kisha ayatungie kisa kichwani mwake. Jina la mtoto, la timu ya mpira, mwaka wa kuzaliwa, hayo yote yaachwe.

Tulikuwa pia na sheria ya kubadili maneno kila mwezi. Tokeo lake lilikuwa kwamba kila mtu alichagua neno moja akaliongezea tarakimu ya mwezi. Baadaye nilisoma kwamba Bill Burr, aliyeandika ushauri wa namna hiyo mwaka 2003 kwa niaba ya taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo, alisema mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika, na taasisi yenyewe mwaka huo ikaacha kuyadai mabadiliko ya kila mara. Neno libadilishwe likishukiwa kuvuja au mtu akiondoka kazini. Nilifurahi kuona kwamba mkubwa naye huweza kukiri kosa. Kamati yetu ingesoma.

Lakini jambo lililoniondolea usingizi ni hili. Fundi alitoa mfukoni sahani ya CD, akaiingiza, akaiwasha kompyuta yangu kwa sahani hiyo badala ya Windows. Mafaili yote ya chama yakaonekana, bila ya neno la mtu yeyote. Neno la siri la Windows hulindwa na Windows. Ukiiacha Windows imelala ukapita kwa njia nyingine, bawabu hayuko. Kwa hivyo mtambo hauna budi kuamrishwa, katika yale mazingira yake ya chini yanayoitwa BIOS, usikubali kuwashwa kwa sahani wala kwa kidude cha USB, na mazingira hayo yenyewe yatiwe neno la siri. Na hilo nalo lina tundu: katika kompyuta nyingi za mezani za zamani neno hilo hukaa hai kwa nguvu za betri ndogo ya duara kama sarafu. Ukifungua sanduku ukaichomoa kwa dakika chache, neno husahaulika. Dawa yake? Kufuli. Kufuli la kawaida la dukani. Nyuma ya masanduku mengi ya kompyuta za afisi kuna kitanzi cha chuma ambacho watu hukiona miaka kumi bila kujiuliza ni cha nini. Ni cha kufuli. Nilikwenda Biashara Street siku iliyofuata nikanunua mawili.

Na mwenye kutaka usalama wa kweli, mtambo ukiibwa mzima mzima, hana budi kuyasaga mafaili yenyewe, yaani diski yote iwekwe katika maandishi ya siri yasiyosomeka bila ufunguo. Mitambo ya siku zile ilielemewa na kazi hiyo. Ya baadaye inaiweza, na matoleo ya kikazi ya Windows 10 yana kifaa hicho ndani yake kiitwacho BitLocker. Ila ufunguo wa akiba usiwekwe ndani ya mtambo huo huo. Katika hadithi ya Ali Baba tuliyosimuliwa utotoni, nduguye Kassim aliingia pangoni vizuri tu, akajaza mifuko, kisha akalisahau neno la kutokea. Nimeshuhudia afisi moja ikiwa katika hali ya Kassim kwa siku nne.

Utaniambia, mzee, hayo ni ya kale. Sivyo. Katika pitapita zangu bado naona, nyuma ya kaunta za maduka, katika zahanati na shule, mitambo yenye Windows 7, na mara mojamoja hata XP. XP iliachwa na watengenezaji wake tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 ikafuata 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ilifika mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuachwa maana yake ni kwamba matundu mapya yakigunduliwa hayazibwi tena, na hapo hata neno la siri refu kama utenzi halisaidii kitu ikiwa mtambo umeunganishwa na intaneti. Mwenye kulazimika kubaki nao kwa sababu ya programu moja ya zamani auchomoe waya wa mtandao. Asiyelazimika, fundi ataweza kumtilia Linux nyepesi bila ya kununua mtambo mpya.

Sheria nayo imesogea. Tangu mwaka 2018 Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta, na kuingia kwa makusudi katika mtambo usioruhusiwa kwa kuvunja kinga yake ni kosa. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inamdai mwenye mtambo pia: aliyekabidhiwa habari za watu ana wajibu wa kuzilinda. Sheria hiyo ingalikuwapo mwaka 2000, naamini swali la kwanza la kamati lisingekuwa kwa Mama.

Mwezi uliopita nilivuka feri kwenda Likoni kumjulia hali. Macho yamepungua nuru lakini ulimi ni ule ule. Binti yake, aliyekuwa kidato cha tatu, ni muuguzi. Nilimwomba radhi kwa zile siku kumi na moja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Alinyamaza kidogo, akauliza kama nitakunywa chai ya tangawizi au ya maziwa.

Baadaye wakaingia akina mama wa mtaani na fedha za upatu wao, ambao yeye ndiye mtunza hesabu. Alitoa daftari lenye jalada gumu, akaandika kila jina na kila shilingi kwa mwandiko wa kulala, kila mmoja akatia sahihi mbele ya wenzake. Walipokwisha akalifungia kabatini, na ufunguo akaufunga fundo katika pindo la leso yake.

"Mama," nikamwuliza, "lile neno lako la siri lilikuwa nini?"

"Mwanangu," akasema, "nilikwambia ni amana."